Makunyanzi ya Mama

Juzi nikiwa Makambako nangoja basi la Njombe, nilimkuta mchora sura ambaye wengi huku tunamfahamu. Alianza ujanani kwa kupaka rangi kuta za kanisa. Sasa ana mvi, na bado anazunguka na brashi zake hadi Mlangali. Mbele yake alikaa mama mzee. Mwanawe alikwenda Tanga kukata mkonge kwenye shamba la Mzungu, na miaka mingi imepita. Abiria mmoja wa basi la Tanga alikuwa amekubali kumpelekea picha ya mama yake.

Mchoraji alipomgeuzia ubao, mama aliutazama, kisha akajigusa shavu.

"Makunyanzi yangu umeyapeleka wapi, mwanangu?"

"Nimeyapunguza, mama. Nilitaka akuone ungali mzuri."

"Huyu ndiye mama aliyemwacha. Wewe mchore mama atakayemkuta, asije akanipita njiani."

Mchoraji alichovya brashi, akayarudisha makunyanzi moja moja, taratibu, kama anayeomba radhi. Abiria yule akamsihi dereva asubiri kidogo, na dereva akazima injini.

Ukutani kwangu ipo picha niliyochorwa na fundi huyohuyo. Nilimwomba anifunike kipara. Wageni huisifu sana, kisha huniuliza ni ya nani.