Jiwe Jeupe la Twaha

Saa moja na nusu asubuhi, Majengo, Songea. Romwaldi Ngonyani anazima mashine yake ya kukereza mbao kabla mguu wa stuli haujafika hata nusu. Hajachoka. Anataka kusikiliza.

Ng'ambo ya barabara jirani yake, Twaha, naye anakereza. Patasi ya Twaha inapita kwenye mninga bila kelele, na maranda yanatoka marefu, yamejikunja, yanamdondokea miguuni. Miguuni kwa Romwaldi kuna vumbi tupu.

"Unasikia?" anauliza. "Yake inakata. Yangu inakwangua. Wivu ninao, andika hivyo hivyo, usinipambe."

Wala hakuna haja ya kumpamba. Tangu tumefika hapa ameangalia ng'ambo mara nyingi kuliko alivyoangalia ubao wake.

Romwaldi alizaliwa Hanga, wilayani Namtumbo, kwa baba mkulima wa tumbaku, na huko ndiko alikojifunza kukereza. "Tumbaku ilinishinda harufu," anasema. Sasa anatengeneza miguu ya stuli, nguzo za vitanda na michi ya kutwangia. Wiki ikiwa nzuri hubaki na shilingi elfu themanini. Wiki mbaya hataki kuizungumzia.

Patasi zake amezifua mwenyewe kutokana na tupa chakavu. Chuma cha tupa hushika makali vizuri, ila hakipendi moto. Kikipata joto kwenye jiwe la kunolea hadi kikageuka bluu, makali yamekufa, na fundi hana budi kuondoa sehemu hiyo yote aanze upya.

Miaka yote alinolea jiwe la kijivu la duara lililokuja na mota yake ya kulizungusha, akichovya patasi kwenye kopo la maji kila mara, na hakuona tatizo. Kisha Twaha akahamia kutoka Tunduru, akiwa na jiwe jeupe alilopewa na mjomba wake aliyeacha kazi.

"Hata hakulinunua!" Romwaldi anasema, na sauti inampanda. "Amepewa! Mimi nahangaika, mwenzangu anapewa."

Nyumbani wivu huo ni wa watu wawili. Mkewe, Oliva, ndiye anayepiga msasa kila kinachotoka kwenye mashine.

"Mguu ukitoka kwa Baba Lightness una manyoya kama mbuzi," anasema. "Nasugua mpaka vidole vinavimba. Zabibu, mke wa Twaha, msasa haujui. Amekaa zake kibarazani anasuka mkeka. Nikimwona roho inaniuma, Mungu anisamehe."

Aliyechochea zaidi ni Mama Lidwina, mwenye duka la fanicha hapo Majengo. Zamani kazi zake zote zilikwenda kwa Romwaldi. Sasa anatafuta fundi wa nguzo za ngazi na roshani za nyumba ya wageni inayojengwa Ruhuwiko, kazi ya miezi kadhaa, na amewaambia wote wawili walete nguzo moja moja Jumamosi.

"Nitaziweka mezani nipitishe kiganja," anasema Mama Lidwina. "Itakayonikwaruza, mwenyewe aende nayo."

Mtu mwingine angevuka barabara akauliza lile jiwe ni la aina gani. Lakini mafundi hawa wana mwiko wao. Fundi haombi kunolea kwenye jiwe la mwenzake, wala haulizi habari zake, maana ukiuliza tu umekubali kwamba umeshindwa. Romwaldi akabaki kuchungulia. Akaona jiwe ni jeupe. Akaona pia kwamba kila mwezi linazidi kuwa dogo, na hilo likamfurahisha sana.

"Nikasema, kumbe linaisha kama sabuni! Basi mimi nitatafuta jeupe lisiloisha."

Akaenda kwenye duka la vifaa la mzee Swalehe, akaomba jiwe jeupe gumu kuliko yote. Lilimla zaidi ya mapato ya wiki nzuri. Alilifunga mahali ambapo Twaha angeliona vizuri.

Kweli halikuisha. Liling'aa kama kioo, na patasi ikiligusa inageuka bluu. Siku ya pili tu akaua patasi yake pana, anayoitegemea kwa nguzo.

"Nilitaka kulia," anakiri. "Lakini Twaha alikuwa anaangalia. Nikaendelea kunoa huku napiga mluzi."

Jumatano tunafuatana naye hadi dukani. Jiwe analo kwapani, uso ameukunja.

"Shikamoo mzee. Jiwe lako ni bovu."

"Marahaba. Jiwe langu zima," anajibu Swalehe. "Uliomba gumu, nikakupa gumu."

Mzee anamwonyesha herufi kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa jiwe. Herufi za mwanzo ni mawe laini, na kadiri herufi zinavyokwenda mbele ndivyo jiwe linavyozidi ugumu. Jiwe laini huachia punje zake za kukatia zilizochoka, na mpya zenye ncha zinatokea. Jiwe gumu hung'ang'ania punje butu, nazo hazikati tena, zinasugua na kuleta joto.

"Chuma kigumu kinataka jiwe laini," anasema Swalehe. "La jirani yako linaisha kwa sababu linafanya kazi."

Romwaldi anaomba abadilishiwe. Mzee anakubali kumbadilishia, kwa kuwa lile gumu litafaa kwa wanaonoa majembe na mapanga. Kisha anaongeza, kama mtu anayezungumzia mvua:

"Na Twaha ameagiza gumu kama hilo. Amechoka la mjomba wake kuisha. Ameniambia, nataka kama la Romwaldi. Atapita jioni. Mimi namuuzia mtu anachotaka."

"Amesema kama la Romwaldi?"

"Ndivyo alivyosema."

Uso wa Romwaldi unakunjuka. Anachagua jiwe laini kwa raha zake. Analitundika kwenye kidole kwa tundu lake la katikati, analigonga kwa mpini wa patasi, anasikiliza. La kwanza linatoa mlio mzito, huenda lina ufa, analirudisha. La pili linalia kama kengele ndogo, analichukua.

Njiani anacheka peke yake. "Achukue! Naye aunguze!" anasema. Tukikaribia Majengo kicheko kimekwisha, na mbele ya karakana yake haingii. Anavuka barabara.

"Hodi, jirani."

"Karibu," anajibu Twaha, akizima mashine kwa mshangao.

"Lile jiwe gumu usichukue. Litakuunguzia patasi. Langu limeniunguzia."

"Wallahi? Mbona ulikuwa unapiga mluzi?"

Romwaldi anarudi upande wake, anaanza kufunga jiwe jipya. Tunapomuuliza kwa nini amemwambia, anakasirika.

"Usiandike kwamba nimemhurumia. Mama Lidwina akinichagua kwa sababu patasi za Twaha zimeungua, nitakuwa nimeshinda nini? Nitaendelea kumsikiliza ng'ambo pale mpaka nizeeke."

Anajaribu jiwe kwa patasi ndogo. Anagusa ncha kwa kidole gumba, anaitikia kwa kichwa.

"Jumamosi alete nguzo nzuri kuliko zote alizowahi kukereza," anasema. "Iwekwe kando ya yangu. Nataka nimshinde akiwa na makali yake yote."