Bi Mlango na Bastola ya Marehemu

Wenzake kazini walimwita Bi Mlango, kwa sababu miaka yote waliyomjua alikuwa amesimama mahali pamoja: mlango wa kioo wa benki, upande wa kulia, bastola kiunoni, macho barabarani. Watoto waliokuja na mama zao walimwamkia yeye kabla ya meneja. Visigino vyake vilikuwa vimechimba vibonde viwili sakafuni, na mfagiaji alimtania kwamba siku akistaafu vitamwagiwa maji vifugiwe samaki.

Mlango ule aliurithi. Aliyesimama pale kabla yake alikuwa mumewe, na mume alipochukuliwa na homa, kampuni ya ulinzi ilimwuliza mjane kama yu tayari kujifunza kazi. Alikubali kwa sababu moja tu. Walinzi wenye silaha walipewa chumba katika nyumba za kampuni. Wasio na silaha walijitafutia wenyewe. Na katika chumba chake aliishi naye mama mkwe wake, kipofu, ambaye alikuwa ameisoma nyumba nzima kwa kiganja. Kutoka kitandani hadi bombani uani, bibi yule alikwenda akipapasa ukuta, asihitaji mtu wala fimbo. "Humu ndani mimi naona," alizoea kusema. Kumhamisha kungekuwa kumpofusha mara ya pili.

Pamoja na mlango, Bi Mlango alirithi bastola. Ilikuwa ya chuma kitupu, nzito, ya muundo wa zamani, na ubavuni juu ya kitako palikuwa na waa jeupe, pale kidole gumba cha marehemu kilipozoea kulala. Gumba lake yeye lilikuwa fupi, halikufika. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba kila asubuhi alilinyoosha ili lifike.

Ndipo zikaja bastola mpya. Mwili wake ulikuwa wa plastiki nyeusi; mtutu na mgongo tu, yaani ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma ili kukoki, ndivyo vilivyokuwa vya chuma. Ukiishika mkononi ungedhani wamesahau kuweka kitu ndani. Walinzi wakagawanyika. Vijana walisema kipya kinyemi, wakongwe wakawakumbusha kwamba msemo huo una mkia wake, ingawa kidonda. Mmoja alidai akiishika ile ya plastiki anajiona kama anayetumwa kuwarushia wateja maji. Kampuni ikaona iwaridhishe wote. Kila mlinzi achague mwenyewe, mara moja tu, kisha afanye jaribio la shabaha kwa silaha hiyohiyo. Atakayeshindwa atapelekwa getini na rungu na tochi. Na bastola za chuma zitakazokosa mwenyewe zitakatwa vipande.

Kwa wengine hayo yalikuwa mazungumzo ya kupitishia chai. Kwa Bi Mlango ilikuwa kuchagua ni shimo lipi atumbukie. Miezi michache nyuma alikuwa ameteleza pale bombani na kuangukia mkono wa kulia. Aliogopa kwenda kwa daktari wa kampuni, akaufunga kwa kitambaa, akameza vidonge vya maumivu. Mficha maradhi, kilio humfichua; mfupa ukaunga upande, na kifundo cha mkono kikabaki kama bawaba iliyolegea.

Aliyejua siri hiyo ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa fundi wa silaha ghalani. Yeye ndiye aliyegawa bastola asubuhi, na tangu Bi Mlango aanguke alimkokia ya kwake, akafunga kizuizi cha usalama, kisha akampa ikiwa tayari, mgongo wake ukiwaziba walio nyuma kwenye foleni.

"Shemeji, mkono wako uko likizo mpaka lini?" alimnong'oneza.

"Mpaka wako uchoke."

Siku ya kuonja silaha walipelekwa kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nje ya mji. Mkufunzi wao, waliyemwita Afande, alikuwa mtu wa haki, mpole hata, na hilo lilizidisha uzito wa mambo, kwa kuwa hakukuwa na wa kumchukia. Bi Mlango akaijaribu kwanza ile ya plastiki. Kuikoki haikumsumbua. Alipofyatua, ganda tupu la risasi likakwama pale linapotokea, limesimama wima kama mtu aliyebanwa na mlango. Akalitoa, akafyatua, likakwama tena. Afande akamweleza kwamba bastola nyepesi hutegemea mkono. Kifundo kikilegea, silaha yote inarudi nyuma pamoja na mkono, na mgongo haumalizi safari yake. Ya chuma hujitegemea kwa uzito wake.

Bi Mlango akaichukua ya chuma, iliyokwisha kukokiwa na shemeji yake ghalani, ikapiga vizuri kama zamani. Asichokiona Afande ni kwamba springi yake ilikuwa ngumu kuliko nguvu zilizobaki katika mkono ule. Kuikoki mwenyewe hakuweza. Na kwenye jaribio, kila mtu angekoki mwenyewe mbele ya macho yake.

"Dada, hiyo mpya ukikaza mkono itakutii," Afande alimwambia wakirudi. "Ichukue, nami nitakusogezea jaribio mbele upate muda wa mazoezi."

Ulikuwa mlango, na uliachwa wazi. Jioni alikwenda ghalani kuomba ushauri. Shemeji yake alikuwa akipangusa mafuta vidoleni, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akaonyesha msumeno uliofungwa pembeni mwa meza.

"Ukichukua ya plastiki, ya kaka nitaikata mimi. Kwa huu hapa." Akaendelea kupangusa vidole vilivyokwisha kuwa safi. "Ukichukua ya kaka, habari ya kukoki niachie mimi."

Hakuuliza atafanyaje. Alijua, au nusu alijua, na kule kutouliza ndiko kulikokuwa kukubali kwake. Asubuhi akasema mbele ya wote kwamba anabaki na ya chuma. Wakongwe wakampigia makofi.

Fundi yule alikuwa amezitunza bastola zile maisha yake yote, na alijua vizuri kwamba springi haipunguzwi. Lakini upendo una wizi wake. Aliitoa springi ya bastola ya kaka yake, akaikata mizunguko kadhaa, akaipitishia tupa, akairudisha. Alifyatua risasi mbili kwenye pipa la mchanga, ikatii zote mbili. Akajiambia kwamba hakuna mwingine anayefungua silaha zile isipokuwa yeye.

Siku ya jaribio Bi Mlango aliuvuta mgongo wa bastola, ukaja laini kama droo ya kabati. Aliinyanyua, gumba likajinyoosha kuelekea lile waa jeupe. Risasi ya kwanza ikatoboa kadibodi katikati. Ya pili pia. Baada ya hapo mgongo ulirudi nyuma kwa kishindo, ukaja mbele kinyonge, ukaishia njiani. Haukufunga. Springi haikuwa tena na nguvu ya kuusukuma hadi mwisho. Akaupiga kwa kiganja, ukafunga, akafyatua, ukaishia njiani tena.

Afande akaichukua, akaifungua juu ya meza ya mbao, akailaza springi ile kando ya springi ya bastola nyingine. Ilikuwa fupi, na ncha yake iling'aa.

"Nani amekata hii?"

"Mimi," alisema Bi Mlango.

"Kwa kifaa gani, dada?"

Kabla hajajibu, nyuma yake sauti ikasema taratibu, "Mwache shemeji yangu, Afande. Ni mimi." Afande akaziangalia zile springi mbili kwa muda mrefu, kama anayesubiri ile fupi irefuke.

Silaha iliyochezewa na mtunza silaha haina msamaha. Fundi alifukuzwa kazi, ila aliambiwa kwanza amalize kukata bastola zilizobaki mezani, na iliyokuwa juu kabisa ilikuwa ile yenye waa jeupe. Aliikata. Bi Mlango akapewa rungu na tochi, na agizo la kukabidhi ufunguo wa chumba mwisho wa mwezi.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, ameinua uso kuusikiliza mwendo wake.

"Umewahi leo, mwanangu. Hujaniambia, ulichagua ipi?"

"Ya chuma, mama."

"Ya mwanangu?"

"Ya mwanao."

Bibi akatabasamu kwa ufizi wote. "Basi tumebaki humu humu," akasema. Akanyanyuka, akachukua ndoo, akaweka kiganja ukutani. Akaenda bombani pasipo kusita, akipita pale rangi ilipobambuka, akikata kona mahali penyewe, na mkwewe akasimama mlangoni akimtazama, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani.