Anwani ya Dukani

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nikisoma gazeti kwenye duka la intaneti Mji Mkongwe, kila Jumamosi nikitoka sokoni, kapu la mboga miguuni. Siku moja gazeti likanifungia mlango: ati nijiandikishe kwanza. Jina, umri, kazi, barua pepe. Makubwa! Muuza magazeti wa Darajani hajawahi kuniuliza jina la baba ndipo anipe gazeti.

Lakini nilikuwa na haja nalo. Mwanasheria mmoja alikuwa akiandika humo makala juu ya mke anayetaka kujitoa kwenye ndoa, khului kwa lugha ya kwa kadhi, na hiyo ndiyo siri niliyokuwa nayo mwaka mzima. Hata mama yangu hakuijua.

Barua pepe sikuwa nayo. "Tia ya duka, Bi," akasema mwenye duka, mtu mzima na heshima zake. "Wateja wangu wote wanatia hiyo hiyo."

Sikuona ubaya. Tangu nizaliwe barua zetu zilipitia sanduku la posta la mjomba, ukoo mzima sanduku moja, na kila barua ilimfika mwenyewe bila kufunguliwa. Basi nikajaza kweli tupu, mpaka jina la babu.

Baada ya wiki kama tatu nikarudi nyumbani kutoka kazini na kumkuta mume wangu barazani, karatasi mkononi. Ilikuwa barua pepe ya lile gazeti, imeingia kwenye anwani ya duka; mwenye duka alikuwa ameichapa na kumletea, kwa wema wake, kama mtu anavyomfikishia jirani barua. "Mpendwa msomaji," ilianza, kisha jina langu lote, kisha orodha ya makala nilizofungua na mara nilizozifungua. Nani kawatuma wakae wakinihesabu? Nilijiona kama mtu aliyechunguliwa chooni, na aibu na hasira zikanipanda pamoja. Mwenye duka sikumkasirikia hata kidogo. Niliwakasirikia wale wa gazeti, nisiowajua hata sura.

Nilingoja mume wangu afoke. Hakufoka. Alipitisha kidole kwenye mstari mmoja, akaurudia tena polepole.

"Hii ya kuvunja ndoa ushaisoma mara nne," akasema. "Na mimi hujanambia hata mara moja."