Nembo Tatu za Koti la Reli

Tangu tumzike Mama, Baba alikuwa hatoki nyumbani. Anakaa ukingoni mwa kitanda, mlango wazi, kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka inapita mbele yake na yeye haitazami. Nilimpikia sombe, kisamvu cha kwetu, nikamletea mchungaji, nikagombana naye. Wapi! Niliogopa, kwa sababu nimeona wazee wengine hapa kambini wakianza hivyo hivyo, na msimu wa mvua hawakuumaliza.

Nikamwambia nitampeleka Lilongwe akaone treni. Kule kwetu Kalemie, Kongo, maisha yake yote alikuwa mkagua tiketi katika treni ya abiria ya serikali. Akainua kichwa.

"Bila koti siendi," akasema.

Koti analo, tulikimbia nalo. Tatizo lilikuwa nembo ya kifuani. Kila serikali ilipojisikia, ilibadilisha jina la shirika na rangi za mabehewa, kisha ikagawa nembo mpya za kitambaa. Makoti mapya hayakuja. Mama, fundi cherehani mzaliwa wa Bukavu, alikataa kufumua nembo kuukuu kwa sababu chini yake koti halijapauka, lingebaki na baka. Akashona mpya juu ya ile ya zamani. Basi Baba alibeba treni tatu kifuani: ya kwanza, iliyofika kwa saa yake na watu wakavaa nguo za kanisani kuipanda; ya pili, ya rangi nyingi na hotuba nyingi; na ya tatu, iliyokwama njiani siku nyingi mpaka abiria wakapika kando ya reli.

"Hii ya juu siivai. Toa zote mbili. Nataka ile ya kwanza, njo nilianzaka nayo kazi."

"Papa, ni Mama njo alizishona."

"Najua ni nani alishona. Toa."

Ni mkaidi, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Siku nyingine ningebishana naye mpaka jioni. Lakini nilimtaka nje ya chumba kile kwa gharama yoyote. Nikachukua wembe. Mimi pia naishi kwa cherehani, nimefumua nguo za nusu ya kambi, ila mishono ile midogo, iliyobanana, ilinishinda nguvu. Nililia nikikata. Sikuacha.

Nembo ya kwanza ikatokea, mpya kabisa. Baba akanyoa ndevu.

Tulipanda minibasi, tukapita Lumbadzi, tukashukia Kanengo, pembezoni mwa Lilongwe, tukasimama kando ya reli karibu na wauza nyanya. Jua lilitupiga sana. Nilianza kujuta, na yeye hakuomba hata maji. Hatimaye treni ikaja. Baba akafunga vifungo vyote, akanyoosha mgongo, akainua mkono kama alivyokuwa akiruhusu safari. Yakapita makontena, yakapita matangi, mpaka behewa la mwisho.

"Bantu beko wapi?" akauliza, akitafuta abiria.

"Ni ya mizigo, Papa."

Mwuza nyanya mmoja akathibitisha: hapa hupita mizigo tu. Baba akashusha mkono polepole, nami nikajiona mjinga. Nimemtoa kitandani nikamwonyesha mapipa.

Ndani ya minibasi ya kurudi, tulipopita Lumbadzi, Baba akagusa kifua.

"Zile mbili ulizitupa?"

"Niko nazo mu saki," nikasema, nikigusa mkoba wangu.

"Uzirudishe. Hata ile ya mwisho ilibebaka bantu. Njo ilitutoa kwetu, siku tulikimbia. We ulikuwa kwa magoti ya mama yako."

Nilisema tu kwamba uzi wa rangi ile umeniishia.

"Nitanunua mi mwenyewe. We upitishe sindano mu matundu ya mama yako."

Asubuhi, kabla sijawasha makaa, kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilitoka mbio bila viatu. Nikamwona mbali kwenye njia ya sokoni, anatembea, koti mkononi, ili akalinganishe rangi ya uzi.