Duara la Ndugu Kumi

Chuoni nafundishwa kuzifanya nyuzi za DNA zijipange zenyewe kuwa umbo dogo lisiloonekana kwa macho. Kila uzi una mwenzake. Zikishikana vibaya unazipasha moto ziachane, kisha unazipoza polepole zitafutane upya.

Nilipokuwa likizo nyumbani Kasulu, shangazi alinicheka: kitu gani hicho kinajijenga bila fundi? Nikapandwa na hasira. Nikawaita ndugu kumi uwanjani, nikamfunga kila mmoja vitambaa viwili vya rangi, kimoja kila mkono, kila rangi ikiwa kwa watu wawili tu. Kazi yao ilikuwa kutembea tu, na mkono ukikutana na wa rangi yake uushike. Mwisho tungepata duara.

Nilisahau kwamba sisi Waha hatupitani bila kusalimiana. Wawili wakikutana walishikana mikono, rangi iwe yoyote, wakaulizana habari za watoto, ng'ombe na mihogo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Nusu saa ikapita. Nilikuwa na jozi tano za wasalimianaji na duara hakuna.

“Wameshikana vibaya!” nikafoka.

“Si ulisema wanapashwa moto?” mama akajibu kutoka jikoni. Kisha akapaza sauti: “Nani anakuja kunisaidia kupalilia?”

Uwanja ukabaki mtupu.

Mama akaipua maharage, akafunua sufuria, harufu ikasambaa. Wakarudi mmoja mmoja, taratibu, wakaketi kuzunguka sinia. Duara kamili.

Mama akaniuliza, bila mzaha hata kidogo, chuoni huwa tunatumia maharage ya aina gani.