Mwaka wa Tatu wa Bwana Haraka

Bernadina Hhando alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, na kwa ajili ya sauti hiyo ndiye aliyechaguliwa kuwa Bwana Haraka. Alikuwa kibarua wa kuchuma kahawa katika shamba la mzungu mmoja huko Oldeani. Mavuno yalipokwisha, wachumaji walicheza mchezo wa kuchekesha, Jumapili mchana, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Mchezo ulihusu kazi yao hiyohiyo. Bwana Haraka alikuwa nyapara mwoga, na Mzembe alikuwa kibarua asiyeshikika.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1959. Bernadina alivaa koti la jeshi na kofia iliyomfunika masikio, akakimbia huku na huku akipiga kelele, "Haraka! Haraka!" mpaka akatumbukia kwenye shimo la maganda. Mzembe alikuwa Thomasi, kijana aliyechuma naye mstari mmoja wa mibuni. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mwaka uliofuata walikuja watazamaji kutoka Rhotia, na hata Buger.

Mwaka 1961 mvua zilikataa, kahawa ikawa haba, mchezo haukuchezwa. Kisha Uhuru ukaja. Nyapara wa zamani akaondoka, na meneja akampa Thomasi kazi hiyo. Vibarua walishangilia kwamba sasa anayewasimamia ni mtu wao.

Furaha haikufika katikati ya mavuno ya 1962. Thomasi alianza kutembea na fimbo ya mloliondo, mti mgumu wa msituni. Asubuhi moja Chausiku, rafiki mkubwa wa Bernadina, aliteleza kwenye tope akamwaga debe lake. Thomasi alimpiga. Chausiku alikinga kwa mkono, fimbo ikamvunja vidole. Thomasi hakuishia hapo. Alimpiga mgongoni, akampiga shingoni, mpaka fimbo ikakatika. Kisha akaokota kile kipande kilichobaki akaendelea nacho.

Mavuno yalipokwisha, watu walikusanyika uwanjani kama zamani, kwa mchezo wa tatu. Thomasi aliketi mbele kabisa, kwenye kiti alichoazimwa na meneja. Safari hii Mzembe alikuwa Yohani, mwendesha mkokoteni.

Bernadina akatokea na lile koti, fimbo mkononi. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Lakini Bwana Haraka hakukimbia. Alitembea polepole hadi kwa Yohani, ambaye alikuwa amemwaga debe, akasema kwa upole, "Nyoosha mkono." Yohani akanyoosha. Fimbo ikatua kwenye gunia la maganda kando yake, na Yohani akalia kama Chausiku alivyolia. Ikatua tena na tena, hadi gunia likapasuka.

Kicheko kikazimika.

"Tumetembea tangu alfajiri tuje tucheke!" akafoka mzee mmoja wa Buger. "Haya tunayaona kila siku bure!"

"Nyamaza!" mwanamke mmoja akamjibu. "Mwaka huu ndio wanasema kweli."

"Mzembe wa zamani alikuwa bora kuliko huyu!"

"Mzembe wa zamani ndiye anayetuvunja vidole!"

Mtu akasukumwa. Aliyesukumwa akarudisha ngumi. Mara mbao za vitanda vya kuanikia zikang'olewa, na waliokuja kutazama pamoja wakaanza kupasuana vichwa. Jiwe likampata Yohani mdomoni, akatema meno na damu.

Thomasi akainuka, akamfuata Bernadina na rungu mkononi.

"Umenitia mchezoni mbele ya watu wote," alisema. "Nitoe."

"Uliingia mwenyewe, Thomasi. Mimi nimevaa koti tu."

Rungu lilimpata shavuni. Bernadina alianguka, akasikia ladha ya chuma kinywani. Aliinuka na fimbo yake ya mchezo, akampiga Thomasi nyuma ya sikio kwa nguvu zake zote, na ndani ya moyo wake akasikia raha. Thomasi akaanguka kifudifudi.

Hapo wachumaji wakamjia. Walimpiga kwa mbao, wakamkanyaga, wakamgeuza, wakampiga usoni. "Haraka! Haraka!" waliimba, na walikuwa wakicheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha mwaka wa kwanza, cha watu wanaoshika mbavu. Bernadina alikijua vizuri, kwa kuwa miaka ya nyuma yeye ndiye aliyekitafuta. Raha ile ikamtoka yote.

Akajitupa juu ya Thomasi. Ubao uliokuwa ukishuka ulimpata yeye, na mkono wake wa kushoto ukavunjika juu ya kiwiko. "Basi!" alinguruma. "Mchezo umekwisha! Rudini makwenu!" Wakasita. Mmoja akatupa ubao wake, kisha mwingine, wakaanza kutawanyika bila kutazamana.

Msafiri, dereva wa lori la shamba, aliwapakia wote wawili juu ya magunia kuwapeleka hospitali. Barabara ilikuwa mbovu, na kila shimo liliwatoa kilio. Jicho moja la Thomasi lilikuwa limekwisha haribika.

"Bernadina," alisema, "walikuwa wanacheka?"

"Walikuwa wanacheka."

Thomasi alilia kwa jicho lililobaki, na Bernadina hakumtuliza wala hakumtukana.

Meneja aliwafukuza kazi wote wawili. Thomasi alihamia kwa kaka yake huko Mbulu. Bernadina alirudi kwao Rhotia kulima mahindi na maharage, na mkono wake haukunyooka tena. Chausiku alikuja kuishi karibu naye. Siku za palizi walilima pamoja, kila mmoja akishika jembe kwa namna yake.

Mchezo ule haukuchezwa tena, lakini ubishi wake haukuisha. Siku moja, miaka kadhaa baadaye, Bernadina aliingia dukani kwa Omary, mjini Karatu, akawakuta wanaume wakibishana. Mmoja alishikilia kwamba mwaka wa tatu uliharibu kila kitu. Mwingine alisema ule ndio pekee uliostahili kutazamwa. Wakamgeukia.

"Mama, wewe ndiye uliyeucheza. Tuamulie."

"Ulikuwa mbaya," alisema Bernadina. "Na wala hatukusema uongo. Omary, nipimie sukari."

Omary akachukua mizani. Kabla Bernadina hajafika mlangoni, wanaume walikuwa wamekwisha kuanza tena.