Sambaza za Njiani

Enzi zetu, matabisi ilikuwa inawekwa mukononi. Najua utacheka: nina miaka kumi na saba, bado navaa shemizi, shati nyeupe ya masomo, na tayari naandika "enzi zetu" kama muzee mwenye fimbo. Cheka tu. Wewe wa rika langu uliyekulia mutaa wetu wa Katoyi unaelewa, na vitoto vya leo havijui kitu.

Nakumbuka mama akinituma kwa Mama Zawadi, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, nami nashuka nikiruka juu ya mawe meusi, kikapu kichwani kama kofia. Mama Zawadi anajaza kikombe chake cha bati mpaka samaki wanakuwa kilima, anamwaga, halafu ndipo shughuli yenyewe inaanza. Mukubwa akinunua, matabisi yake, ile nyongeza ya bure, inafuata ndani ya kikapu, ni ya nyumba. Mutoto alikuwa anaambiwa anyooshe mukono. Sambaza nne, tano, zimetoka kwenye mafuta sasa hivi, na chumvi na pilipili, zinachoma kiganja. Hizo hazikuwa za mama wala za papa. Zilikuwa za njiani.

Tatizo ni kwamba za njiani zilikuwa zinaisha haraka, na kikapu kiko karibu. Ndiyo maana mama alikuwa ananisubiri mulangoni. "Leta mukono," anasema. Ananusa kiganja kama askari anayepekua watu kwenye barieri, kisha ananusa kile kingine. Vyote viwili vikinuka, nimeiba, kwa sababu matabisi inaliwa na mukono mumoja, mwingine umeshika kikapu. Nilijisafisha na majani, na mavumbi, siku moja hata na mafuta ya taa. Siku hiyo aliniuliza kama nimekunywa taa.

Halafu vita ikakaribia, muji ukabanwa. Benki zikafunga, barabara zikafunga, na kikombe cha Mama Zawadi kikawa tambarare kama meza yake. Watu wakaanza kununua nusu kikombe, sabuni ya kipande, mafuta ya kijiko. Hakuna aliyetangaza kwamba matabisi imekwisha. Mukono ulinyooka, ukabaki hewani, ukarudi mufukoni.

Neema, mudogo wangu, alifikia umri wa kutumwa wakati ule ule. Alifika miaka minane bila kupewa hata mara moja. Nilipomusimulia alisema mimi ni muongo, hakuna mutu anayetoa samaki bure, labda kama ni mugonjwa. Ndivyo vitoto vya leo: vinabisha bei na wazee, havijui kunyoosha mukono. Nilicheka, lakini iliniuma. Akifika kumi na moja hivi, atahesabiwa mukubwa na matabisi yake itaingia kikapuni. Niliona atamaliza utoto wote bila kula sambaza hata moja ya njiani.

Basi nikaanza kupeleleza muji, natafuta dalili kwamba matabisi inakaribia kurudi. Rafiki zangu wanaangalia wasichana, mimi naangalia chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Niliona moja ikishuka kutoka Munigi, ikiacha magunia mazima ya makala ya kupikia kwenye milango ya watu, siyo ya kupima kwa kopo. Niliona jirani akinunua sabuni nzima na kuibeba bila mufuko, kusudi tuione. Jumapili moja njia yetu yote ilinuka mafuta ya kukaanga, na papa, anayeapa kwamba hakuna kilichobadilika, alisimama uani akavuta pumzi mara tatu. Akasema ni upepo.

Wiki iliyopita mama alitutuma sisi wawili. Mama Zawadi alijaza kikombe, akaongeza, akaongeza tena, kilima kikarudi. Akamwaga. Akamuangalia Neema.

"Nyoosha mukono, mutoto."

Neema akapewa sambaza nne. Aliziangalia, kisha akazirudisha mezani, moja moja.

"Mama, umekosea. Tumeisha kupima."

Wamama waliokuwa nyuma yetu wakasogea kuona. Mama Zawadi aliziangalia zile nne, nikadhani atakasirika. Akapanguza mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akazichukua upya, akaongeza mbili, akafunga vidole vya Neema juu yake.

"Sikukosea, mwanangu. Nilichelewa tu."

Na mimi, bila aibu, nikanyoosha wangu. Huwezi kujua. Aliangalia ndevu zangu tatu, akacheka. "Wewe papa, leta kikapu." Matabisi yangu ikaanguka ndani, ikawa ya nyumba.

Njiani Neema alikula amenigeuzia mugongo. Hakunipa hata kichwa. Nilifurahi, nilikuwa na njaa, na kulikuwa na kitu cha tatu ambacho sikukijua jina.

Mama alikuwa mulangoni. Aliona mafuta kwenye mudomo wa Neema, akasimama wima.

"Leta mukono."

Alinusa, akabaki na kile kiganja kidogo puani, macho yamefungwa. Cha pili hakukiuliza. Nikanyoosha na mimi. Alinipiga kofi dogo kwenye vidole, akachukua kikapu, akaingia jikoni.

Nikanusa kiganja changu mwenyewe. Kilinuka kamba ya kikapu, na wino wa kalamu. Enzi zetu, kilikuwa kinanuka sambaza mpaka kesho yake.